Seti ya roboti ya gramu 150: vya ndani nimevipenda, bodi nimeitupa

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Kama unataka kuingia kwenye mapambano ya roboti ndogo na hujawahi kujenga kitu cha namna hiyo, seti hii inafaa kwa ajili ya vile vya ndani: mota, betri, kidhibiti mota na rimoti. Ganda lake la nje, yaani bodi, ni la kupigia picha tu. Kampuni sitaitaja, maana kasoro nitakazozisema wenzangu wamezikuta pia kwenye seti nyingine za bei hii, na sitaki ugomvi na mtu.

Naishi Uingereza, na huku mchezo huu una wenyewe. Wengi waliujua kupitia televisheni: BBC ilianza kurusha Robot Wars mwaka 1998, ikaja kuirudisha 2016 na kuisimamisha tena 2018. Yale yalikuwa madude ya hadi kilo 110, yanayotaka gereji, trela na mfuko mnene. Mimi nazungumzia daraja la sisimizi. Sheria ya huku ni kwamba roboti isizidi gramu 150 pamoja na betri, na kabla ya pambano iingie yote ndani ya mchemraba wa inchi 4, yaani milimita 101 na ushee kila upande. Pambano likishaanza inaruhusiwa kujikunjua ikawa ndefu zaidi. Simu uliyoshika pengine ni nzito kuliko roboti nzima. Angalizo kwa mnaoagiza mtandaoni: Wamarekani nao wana daraja la sisimizi, lakini lao ni pauni 1, gramu 454. Ukinunua bila kusoma utaletewa kitu kizito mara tatu ya kinachoruhusiwa, na hapo hakuna kujadiliana na mtu wa mizani.

Ulingo mdogo kabisa unaokubalika una upande wa inchi 30, kama sentimita 76. Unazungushiwa polikaboneti, plastiki angavu na ngumu, ili vipande visimrukie mtazamaji, lakini sakafu yenyewe ina kingo zisizo na ukuta. Ukisukumwa ukadondoka, umekwisha. Kwa hiyo hata roboti isiyo na silaha yoyote, yenye kabari nzuri mbele na magurudumu yanayoshika, inaweza kumtoa mwenye kisu kinachozunguka kwa kishindo. Ukilielewa hilo utaelewa kwa nini nimeipa seti hii nyota 3 kati ya 5 na si 4.

Ndani ya boksi nilikuta mota 2 ndogo za aina ya N20 zenye gia za chuma, kidhibiti kimoja cha mota zote mbili, kipokezi cha mawimbi ya rimoti, rimoti yenyewe, betri ya lithiamu ya seli 2, chaja, sevo ndogo ya kunyanyulia mkono wa mbele, magurudumu mawili, bodi iliyochapwa kwa printa ya 3D, kabari ya alumini, skrubu kwenye kimfuko, na kijitabu. Kijitabu kina picha nzuri na maelezo machache ya kutia hasira. Wamekuonyesha bodi kutoka pande zote, lakini hawakusema waya upi wa mota unakwenda wapi. Si neno, ukizigeuza waya mota itakwenda kinyume tu na utazibadilisha, ila kwa mtoto wa miaka 12 anayejenga peke yake hiyo ni jioni nzima imepotea.

Rimoti ni FlySky FS-i6, ambayo utaikuta mikononi mwa wachezaji wengi wa daraja hili: chaneli 6, masafa ya 2.4 GHz, betri 4 za AA. Kwa kuwa kijitabu kimenyamaza, niwape wenzangu njia ya mkato. Shikilia kitufe cha OK uingie kwenye menyu, nenda Functions setup, washa Elevon. Hapo fimbo moja inaendesha mota zote mbili, mbele, nyuma na kukata kona. Kuhifadhi mabadiliko unashikilia Cancel mpaka skrini irudi nyuma. Ukikigusa tu na kuachia, kila ulichofanya kinapotea. Halafu ingia System setup, kisha RX Setup, uweke Failsafe. Siku ya mashindano mkaguzi atakwambia endesha roboti, kisha zima rimoti. Magurudumu yasiposimama papo hapo, huingii ulingoni, hata uwe umetoka mbali kiasi gani.

Mota ndizo zilizonifurahisha. Hizi za kwangu zinazunguka kama mara 500 kwa dakika, na gurudumu ni la kipenyo cha milimita 40. Piga hesabu: mzingo ni milimita 125 hivi, kwa hiyo roboti inakwenda kama mita 1 kwa sekunde. Ulingo wa sentimita 76 inaumaliza kabla hujasema bismillahi. Kuna wanaolalamika kwamba ni taratibu, wanataka mota za mizunguko 1000. Nimewaona hao wakijidondosha wenyewe bila hata kuguswa na mpinzani. Kwa anayeanza, 500 zinatosha, tena nguvu ya kusukuma inakuwa kubwa zaidi.

Kasoro ya mota hizi iko nyuma. Kuna vijisikio viwili vyembamba vya kushikia waya, na seti inakuja na waya tayari zimechomelewa kwa risasi. Tatizo ni kwamba wameziacha ziking'ang'ania kwenye kijisikio peke yake. Roboti ikipigwa, mota inatikisika upande huu, waya unavutika upande ule, na kijisikio kinakatika kwenye shina. Kikishakatika huna pa kuchomelea tena, mota imekufa japo gia zake ni nzima. Dawa yake haizidi dakika tano: laza waya ubavuni mwa mota, weka tone la gundi ya kuyeyusha pale unapoanzia, kisha zungushia tepu nyeusi ya umeme. Gramu moja inakwenda, mota inabaki. Muuzaji angefanya hivyo kiwandani ningemwongezea nyota.

Sasa bodi. Imechapwa kwa PLA, plastiki ngumu inayong'aa na kupendeza mezani. Ikigongwa inapasuka kufuata matabaka yake ya uchapaji. Pambano langu la kwanza nilikutana na roboti yenye kisu cha chuma kinachozunguka wima. Kilipata kona ya bodi pale skrubu ya kushikia mota inapoingia. Kona yote iliondoka na skrubu yake, mota ikaning'inia kwa waya, gurudumu likaendelea kuzunguka hewani huku roboti nzima ikizunguka mahali pamoja. Refa akahesabu mpaka 10. Mpinzani, kijana mdogo tu wa sekondari, alinifuata pale kwenye meza za mafundi akaniuliza kwa upole kama nina kibao cha kukatia mboga nyumbani.

Hakuwa anatania. Vile vibao vyeupe vya plastiki vya jikoni vingi ni HDPE. Plastiki hiyo haipasuki kirahisi, ikipigwa inabonyea na kutoa unyoya kidogo. Tena ni nyepesi kuliko maji. Kipande cha milimita 80 kwa 60 chenye unene wa milimita 5 kina uzito wa gramu 23 hivi. Kipande kama hicho hicho cha alumini ni gramu 65, karibu nusu ya uzito wako wote umeshaumaliza kwenye sakafu ya roboti. Unakata kwa msumeno wa kawaida, unatoboa kwa drili, unakaza skrubu moja kwa moja kwenye plastiki. Jambo moja tu: gundi haishiki kwenye HDPE. Usipoteze superglue yako, kila kitu kikae kwa skrubu au kwa vile vikamba vya plastiki vya kufungia waya. Mwenye printa ya 3D anaweza kuchapa bodi kwa TPU, plastiki inayonepa, na kwa kweli walio makini wengi ndiyo wanayotumia. Mimi sina printa, nina mke ambaye sasa anaficha vibao.

Magurudumu ya seti nayo ni ya plastiki ngumu yenye mpira mwembamba juu yake. Kwenye sakafu safi yanateleza, kwenye sakafu yenye vumbi la mapambano yaliyotangulia ndiyo kabisa. Hapa utoto wetu ulinifaa. Aliyekulia Bara au Pwani na hakuwahi kuendesha gari la waya lenye magurudumu ya ndala ajitokeze. Nilikata duara kwenye ndala ya zamani, nikaweka kitovu cha gurudumu la seti katikati, nikapaka nje utomvu wa mpira wa maji ambao watu wa mchezo huu huwa wanapaka kwenye magurudumu ya sponji. Yanashika, mepesi, na kisu kikiyapata kinang'oa kipande tu badala ya kulivunja gurudumu zima. Watu wa huku walidhani nimenunua mahali.

Kabari ya alumini iliyokuja kwenye seti ilikaa juu ya sakafu kwa milimita mbili hivi. Inaonekana kidogo, lakini kwenye daraja hili ugomvi wote uko hapo chini: mwenye makali yaliyolala sakafuni ndiye anayeingia chini ya mwenzake, na akishaingia, magurudumu ya mwenzake hayana kazi tena. Nilitoa kabari hiyo nikaweka ubapa wa kikwanguzi cha rangi, chuma chembamba kinachonepa, unene wa nusu milimita. Kipande cha upana wa milimita 80 kwa 30 kina gramu 9 na kitu. Nimekifunga kwa bawaba ili kijilaze chenyewe. Pambano lililofuata nilimsukuma mtu hadi akadondoka, na silaha yake bado inalia.

Sevo ya kunyanyulia ni ile ya gramu 9 yenye gia za plastiki. Inanyanyua vizuri mazoezini. Ulingoni mpinzani akikaa juu ya mkono na wewe unalazimisha, meno ya gia yanaisha. Ya gia za chuma inakuongezea gramu 4 au 5, kwa hiyo lazima uzitoe mahali pengine. Mchezo huu ukishauzoea utajikuta unapunguza urefu wa skrubu na kukata waya uliozidi ili upate gramu mbili. Ushauri wangu: nunua mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu kabla hujanunua kitu kingine chochote.

Betri niiseme kwa uzito unaostahili. Seli 2 za lithiamu, 7.4 V, zikijaa zinafika 8.4 V. Zisishuke chini ya 3 V kwa kila seli, na kama huchezi wiki kadhaa ziache kwenye 3.8 V kwa kila seli, usiziache zimejaa. Chaja iliyokuja inasawazisha seli vizuri, sina malalamiko. Ila usichaji ukiwa umelala, na betri ikivimba isitumike tena hata kama bado inawasha taa. Ndani ya roboti ikae kwenye kona isiyofikiwa na kisu, maana betri ya namna hii ikitobolewa inatoa moshi na moto, na hapo pambano linageuka shughuli ya ndoo ya mchanga.

Mpwa wangu yuko Morogoro, aliona video akanitumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo mjomba, hiyo si tunaweza kuiunda hapa?" Marahaba, mnaweza kabisa. Risasi ya kuchomelea, drili, skrubu, waya na swichi vipo Kariakoo, kama vilivyopo Luthuli Avenue kwa walioko Nairobi. Kinachosumbua ni betri, kwa sababu kampuni nyingi za vifurushi hazitaki kuzibeba zikiwa peke yake. Nilipokwenda likizo nilimbebea mwenyewe. Betri za akiba za lithiamu hazikai kwenye begi la kupakiwa, zinakwenda na wewe ndani ya ndege, kila moja imezibwa ncha zake kwa tepu. Kikomo cha kawaida ni 100 Wh; hii yangu ya 300 mAh ni kama 2.2 Wh tu. Aliyenikagua alitazama roboti, akatazama kabari, akaniambia kabari iende kwenye begi kubwa.

Kwa aliye Afrika Mashariki, basi, nisingemshauri aagize boksi zima. Agiza mota 2, kidhibiti, kipokezi na rimoti. Uzito wa posta unapungua na ushuru pia. Kwa aliye Ulaya ambaye anataka mtoto wake ajenge kitu Jumamosi hii na kukipeleka ulingoni, boksi zima lina maana, kwa sababu vyote vinaingiliana bila kutafuta tafuta, na mtoto akiona magurudumu yanazunguka siku hiyo hiyo hataacha.

Huduma yao baada ya kuuza si mbaya. Niliwaandikia kuhusu kijisikio cha mota, wakanitumia mota nyingine bila kuniuliza risiti, japo lile swali la gundi hawakulijibu. Vipuri vyote wanauza kimoja kimoja, bei zake ni za haki. Bodi ya PLA nayo wanaiuza peke yake, kwa rangi sita. Hiyo usinunue.