Kliniki ya tiba ya viungo iliyotutibu magoti, mimi na mamangu

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikihudhuria kliniki ndogo ya tiba ya viungo hapa kisiwani Mombasa, kwanza kwa ajili ya goti langu la kulia, kisha kwa ajili ya magoti ya mamangu. Siitaji kwa jina, kwa kuwa yapo mambo ambayo wenyewe nimekwisha kuwaambia wayarekebishe, lakini namna wanavyolichunguza goti nimeona inafaa kuelezwa kwa kirefu.

Niliumia nikishuka feri upande wa Likoni. Mguu ulikuwa umekita kwenye mteremko, nikaugeuza mwili ghafla kumpisha mwenye mkokoteni, na goti likapinda ndani kwa ndani. Niliweza kutembea hadi nyumbani. Kesho yake nilikwenda kituo kingine cha afya, nikatoka na vidonge vya kutuliza maumivu na barua ya kupigwa picha ya MRI, ile ya sumaku inayoonyesha sehemu laini za ndani ya mwili, bila ya mtu yeyote kuligusa goti lenyewe. Siku ya tatu ndipo jirani aliponielekeza kwenye kliniki hii.

Swali la kwanza la mtaalamu lilinishangaza: "Mwalimu, goti lilivimba baada ya muda gani?" Nilipomjibu kwamba nililikuta limevimba asubuhi ya pili, alinieleza kwamba goti linalotoa mlio wa kitu kukatika, kisha likajaa ndani ya saa mbili tatu, mara nyingi huwa limeingia damu, na hapo hushukiwa zaidi kano ya mbele kati ya zile mbili zinazopishana kama msalaba ndani ya goti, ambayo vijana wa mpira huikata wanapogeuka au kutua vibaya. Uvimbe unaokuja polepole, ukiambatana na maumivu kwenye mstari wa kiungo na goti linalokwama, humwelekeza kwenye meniski, yaani vile vipande viwili vya gegedu (nyama ngumu inayonyumbulika, kama ya sikio) vyenye umbo la mwezi mwandamo vinavyokaa baina ya mfupa wa paja na wa muundi na kupokea uzito wa mwili.

Kisha ikaja kazi ya mikono, na hapa ndipo ninapowapa alama zote. Alilichunguza kwanza goti langu zima, la kushoto, ili apate cha kulinganishia. Alilikunja kidogo goti bovu, akalishika paja kwa mkono mmoja na kuuvuta muundi mbele kwa mkono wa pili. Kipimo hiki huitwa Lachman, na muundi haukuteleza. Akalikunja goti hadi mwisho, akauzungusha mguu huku akilinyoosha polepole, kipimo cha McMurray, na hapo nikasikia maumivu makali upande wa ndani. Hakudai kwamba kipimo kimoja kinatosha. Alisema dalili zote kwa pamoja zinaonyesha meniski ya ndani imechanika kidogo.

Hakunituma eksirei, na sababu alinipa. Ipo kanuni iliyotoka Ottawa, Kanada, inayosema kwamba aliyeumia goti karibuni apigwe eksirei akiwa na umri wa miaka 55 au zaidi, akiwa na maumivu ya kubonyezwa kwenye pia ya goti peke yake au kwenye kichwa cha mfupa mwembamba wa nje, akishindwa kulikunja goti hadi nyuzi 90, au akishindwa kupiga hatua nne. Mimi nina miaka 47 na sikuwa na hata moja. Kuhusu MRI, alisema tungeihitaji kama goti lingekwama kabisa au mazoezi yasingesaidia, kwani watu wengi wa umri wangu wana meniski zilizochanika na hawasikii maumivu yoyote, hivyo picha ingeweza kutuonyesha kitu kisichokuwa chanzo cha tatizo. Baada ya wiki kumi za mazoezi ya misuli ya paja, napanda mteremko wa feri bila kushika popote.

Mamangu, mwenye miaka 71, alikuwa ameambiwa na wengi kwamba mafuta ya magoti yamemwishia. Kliniki haikuridhika na jibu hilo. Aliulizwa ukakamavu wa viungo asubuhi huchukua muda gani. Ungezidi saa moja, na vidole vikavimba, angepelekwa kupimwa damu kwa kushukiwa baridi yabisi. Wake huisha chini ya nusu saa, na maumivu huzidi akitembea, ishara za gegedu kulika. Nilifurahishwa sana mtaalamu alipomwuliza, "Mama, unasujudu vipi?" kisha akampangia mazoezi ya kuinuka kitini na namna ya kuswali akiwa ameketi siku goti linapomzidi. Alimshauri pia apunguze uzito, kwa kuwa kila kilo inayopungua hulitua goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua.

Kasoro zipo, na mbili ni kubwa. Kliniki iko ghorofa ya pili na jengo halina lifti. Mamangu alipumzika mara tatu kwenye ngazi ili akatibiwe magoti, jambo ambalo lilinihuzunisha mno. Pili, karatasi ya mazoezi imeandikwa kwa Kiingereza kitupu, nikalazimika kumwandikia upya kwa Kiswahili usiku ule. Kungoja nako ni kurefu, hasa Jumatatu.

Kikao ni shilingi 2,000, na cha kwanza kilituchukua karibu saa nzima kila mmoja. Mwenye goti jekundu, lenye moto na homa asipoteze muda kungoja nafasi huko. Aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda ni usaha ndani ya kiungo. Mwenye kushindwa ngazi apige simu mapema, maana tangu nilipolalamika wamekuwa wakiwahudumia baadhi ya wazee katika chumba kidogo cha chini, siku za Alhamisi.