Uzoefu wangu na Tang Nano 9K: kujifunza Verilog kwa bodi ndogo na programu za bure

Kama unataka kujifunza kubuni sakiti za kidijitali na huna maabara ya chuo karibu nawe, bodi ya Tang Nano 9K ya kampuni ya Sipeed, yenye chipu ya FPGA unayoweza kuipangia sakiti yako mwenyewe, naipendekeza bila kusita. Ila nina sharti moja: usianze kwa kuinunua. Anza na kompyuta uliyonayo, bodi ifuate baadaye. Sababu nitazieleza, maana hilo ndilo jambo ambalo ningetaka kuambiwa na mtu kabla sijaanza.

Mimi ni fundi wa elektroniki hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ya kila siku ni inveta, UPS na chaja za sola. Arduino, ile bodi ndogo ya kuandikia programu, naijua, na lugha ya C naiandika vya kutosha kazi ziende. Nilichokuwa nakitafuta ni kuzielewa zile chipu za FPGA ninazokutana nazo kwenye mashine kubwa, ambazo huwezi kuzibadilisha hivihivi kwa kununua nyingine dukani, kwa sababu kila mashine imeingiziwa sakiti yake.

FPGA hutoka kiwandani ikiwa haijapangiwa kazi. Ndani yake kuna maelfu ya vijedwali vya mantiki vinavyotoa jibu kulingana na ishara zinazoingia, flipu-flopu zinazokumbuka biti mojamoja, kumbukumbu, na nyaya zenye swichi za kuviunganisha. Unaeleza kwa maandishi sakiti unayoitaka, programu inapanga swichi zipi zifungwe na zipi ziachwe wazi, mpango huo ukiingia kwenye chipu, chipu inakuwa sakiti yako. Ile ya kwanza kufanikiwa sokoni, XC2064 ya kampuni ya Xilinx mwaka 1985, ilikuwa na vitalu 64 vya mantiki. Chipu ya kampuni ya Gowin iliyo kwenye Tang Nano 9K ina vijedwali 8,640 na flipu-flopu 6,480, na bodi nzima inakaa kwenye kiganja. Bara letu lenyewe limezitumia kwa kazi nzito: darubini ya redio ya MeerKAT, kule Karoo, Afrika Kusini, ilizinduliwa ikiwa na antena 64 na ikichakata mawimbi yake kwa FPGA.

Lugha za kueleza sakiti zinazotumika sana ni mbili. VHDL ilitokana na mahitaji ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani na ikawa kiwango cha IEEE, taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme na elektroniki, mwaka 1987. Verilog nayo ilizaliwa miaka hiyohiyo ya 80 kwenye kampuni ya Gateway Design Automation, ikawa kiwango mwaka 1995. Nilichagua Verilog kwa kuwa maandishi yake ni mafupi na mifano ya bodi hii mingi imeandikwa kwa lugha hiyo. Sura yake inafanana na C, na hapo ndipo mtu aliyetoka kwenye Arduino anapaswa kuwa makini zaidi.

Chukua mfano huu mdogo. Kuna rejista mbili, yaani sehemu za kuhifadhia thamani, a na b, na unataka zibadilishane thamani. Kwenye C utahitaji sehemu ya tatu ya kuhifadhia kwa muda. Kwenye Verilog unaandika hivi tu:

always @(posedge saa) begin
  a <= b;
  b <= a;
end

Na zinabadilishana kweli. Saa hapa ni ishara inayopanda na kushuka kwa mpigo usiobadilika. Pigo la saa linapofika, flipu-flopu zote mbili zinasoma kilichokuwepo kabla ya pigo, kisha zinageuka kwa pamoja. Mstari wa juu haumtangulii wa chini, kwa sababu kila mstari ni waya na kipande chake cha sakiti, na vyote vipo muda wote. Sasa ondoa ile alama ya <= uweke = tupu. Kwenye uigaji, yaani sakiti ikijaribiwa ndani ya kompyuta tu, a inachukua thamani ya b, kisha b inaichukua a ambayo tayari imeshabadilika, na zote zinabaki na thamani moja. Ukielewa mistari hii miwili hadi ukaweza kuchora kwenye karatasi flipu-flopu mbili na nyaya zake, umeshapita mlango mgumu kuliko yote. Ninashauri ukae hapo hata kama unatamani kukimbilia taa na skrini.

Ndiyo maana nasema bodi isubiri. Mfano kama huo unaonekana vizuri zaidi kwenye kompyuta. Nilitumia Icarus Verilog kuiga sakiti na GTKWave kuangalia mawimbi yake, zote za bure. Unaandika sakiti, unaandika na benchi la majaribio, yaani faili la pili linaloipigia sakiti yako saa na kuilisha ishara, halafu unafungua mchoro na kuona kila waya ulipanda lini na ulishuka lini. Kwa fundi aliyezoea osiloskopu hii ni raha tupu, maana kila waya uliojificha ndani ya chipu una probu yake. Kwa mazoezi nilikuwa naingia HDLBits, tovuti ya maswali ya Verilog. Huko unapewa swali, unaandika jibu, na ukikosea unaonyeshwa mawimbi yako na mawimbi sahihi yakiwa yamewekwa juu na chini. Maelezo yake ni ya Kiingereza, lakini michoro inajieleza.

Kuhusu programu za kuingizia sakiti kwenye chipu, hapa nina msimamo. Programu za watengenezaji wakubwa wa chipu ni makumi ya gigabaiti. Anayelipia intaneti kwa bando anajua maana yake, na kompyuta ya kizamani ataisikia ikihema. Mimi niliamua kutumia OSS CAD Suite, kifurushi cha mamia ya megabaiti kinachokuja na karibu kila kitu ndani: Yosys inayogeuza Verilog kuwa mantiki, nextpnr inayopanga mantiki hiyo ndani ya chipu na kuunganisha nyaya, openFPGALoader inayopeleka matokeo kwenye bodi, pamoja na Icarus na GTKWave nilizozitaja. Chipu hizi za Gowin zimeingia kwenye mfumo huo kupitia Project Apicula, kazi ya watu waliochunguza wenyewe jinsi swichi za ndani ya chipu zinavyopangwa hadi wakaweza kuziandikia programu huria. Nawashukuru sana. Bila wao ningeishia kwenye uigaji tu. Gowin nao wana programu yao wenyewe, na toleo lake la elimu halihitaji leseni, kwa anayependa madirisha na vitufe kuliko amri za kuandika.

Sasa bodi yenyewe. Ina taa sita, vitufe viwili, kristali ya megahezi 27 inayotoa saa, tundu la HDMI, sehemu ya kadi ya SD, na USB-C inayobeba umeme, kuingiza sakiti na mawasiliano ya serial (ya kutuma biti mojamoja) kwa waya mmoja. Hilo la waya mmoja lina faida kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu huhitaji kununua kifaa kingine cha kuingizia. Zoezi la mwanzo ni kuwasha na kuzima taa. Saa iko pini ya 52, taa ya kwanza pini ya 10. Kwa kuwa kuna mapigo milioni 27 kwa sekunde, kaunta ya biti 24 ikihesabu hadi 13,499,999 kisha ikaanza upya, taa inageuka kila nusu sekunde. Kumbuka tu kwamba taa hizi zinawaka pini ikiwa chini, siyo juu. Baada ya hapo nikaipa kila taa kaunta yake na kasi yake. Taa sita, kaunta sita, na hakuna inayoisubiri nyingine wala kuichelewesha. Kwenye Arduino jambo hilo ungelipanga kwa uangalifu, huku linatokea lenyewe kwa sababu ni sakiti sita zilizo pembeni kwa pembeni.

Zoezi lililonifundisha zaidi ni la kupeleka herufi kwenye kompyuta kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde. Ukigawa milioni 27 kwa namba hiyo unapata 234 na ushei, hivyo kila biti inashikiliwa kwa mapigo 234. Kosa lake ni asilimia 0.16, ambalo mawasiliano ya namna hii yanalivumilia bila shida. Nilipeleka herufi A, ambayo kwa biti ni 01000001, na biti ya mwisho kulia ndiyo inayotangulia. Kwenye GTKWave waya umetulia juu, unashuka kwa biti moja ya kuanzia, unapanda kwa moja, unakaa chini kwa tano, unapanda kwa moja, unashuka kwa moja, kisha unarudi juu kumalizia. Nilizihesabu biti hizo kwa kidole kwenye skrini. Nilipoingiza sakiti hiyohiyo kwenye bodi na A ikatokea kwenye dirisha la serial, nilijua kila pigo lililoileta. Sijawahi kupata uelewa wa aina hiyo kwa kutumia maktaba ya mtu mwingine.

Kwa hiyo bodi ni ya nini, kama uigaji unaonyesha yote hayo? Jibu liko kwenye vitufe. Kwenye uigaji kitufe kinashuka kikiwa safi, mara moja tu. Kwenye bodi, vyuma vya kitufe vinagongana na kuachana mara nyingi ndani ya milisekunde chache, na sakiti yenye mapigo milioni 27 kwa sekunde inauona kila mgongano huo. Kaunta inayotakiwa kuongezeka kwa moja inaruka kwa namba ambayo huwezi kuitabiri. Dawa yake ni kusubiri hadi kitufe kitulie, kwa mfano milisekunde 20, yaani mapigo 540,000, ndipo ukubali kwamba kimebonyezwa. Kuna na jambo la pili, zito zaidi: kidole chako hakifuati saa ya sakiti. Ishara ikibadilika wakati uleule flipu-flopu inaisoma, flipu-flopu inaweza kubaki katikati kwa muda, haiko juu wala chini. Ndiyo maana ishara yoyote inayotoka nje hupitishwa kwanza kwenye flipu-flopu mbili zinazofuatana, ya pili ikimpa ya kwanza muda wa kutulia. Uigaji wa kawaida hautakuonyesha hili. Mashine ninazozitengeneza zimejaa ishara zinazotoka nje, kuanzia vihisi hadi rilei, na baada ya zoezi hili naziangalia ingizo zake kwa jicho tofauti kabisa.

HDMI nimeigusa kwa ufupi tu. Picha ya 640 kwa 480 inahitaji takriban pikseli milioni 25 kwa sekunde, na kila rangi ya pikseli inasafirishwa kwa biti kumi, kwa hiyo inabidi ujifunze kuzalisha saa ya kasi kwa PLL, sakiti ya kubadilisha kasi ya saa iliyo ndani ya chipu. Ni somo zuri, lakini lisiwe la mwanzo.

Mipaka ya bodi inaeleweka kutokana na ukubwa wake. Vitufe viwili na taa sita vinaisha haraka. Haina swichi za kuteleza wala tarakimu za vipande saba, vitu ambavyo bodi kama Basys 3 inavyo kwa wingi, ikiwa na swichi 16 na taa 16. Basys 3 ni bodi bora ya darasani, lakini bei yake ni mara kadhaa ya hii. Mimi niliongeza breadboard (ubao wa kuchomekea vifaa bila kuchomelea), vitufe na waya vya Kariakoo, ikatosha. Kabla ya kuunganisha chochote, angalia benki ya pini unayoitumia, yaani kundi la pini zinazotumia volti moja, ina volti ngapi. Pini nyingi ni za volti 3.3, lakini benki yenye taa na vitufe ni ya volti 1.8, na hakuna pini ya kulishwa volti 5 za Arduino moja kwa moja.

Ukiamua kununua, soma jina vizuri, maana kuna Tang Nano 1K, 4K, 9K na 20K. Ile ya 1K itakubana mapema. 20K inamfaa anayelenga michezo ya zamani au prosesa kubwa. 9K inatosha hata kwa prosesa ndogo ya RISC-V (kiwango huria cha amri za prosesa) kama PicoRV32, ambayo ndiyo ninayoishughulikia sasa. Muulize muuzaji kama pini zimeshachomelewa, kwa sababu mara nyingi zinakuja pembeni na utahitaji soldagani. Hakikisha waya wako wa USB-C unapitisha data, siyo wa kuchajia tu. Na unapojaribu sakiti, ingiza kwanza kwenye SRAM ambayo ni ya haraka, ukijua kwamba umeme ukikatika inafutika. Ukiridhika nayo, ongeza -f kwenye amri ya openFPGALoader, iandikwe kwenye flashi na ibaki.