Ranflati au tairi la kawaida: nilichochagua kwa BMW yangu, na kwa nini

Nimetoa ranflati zote nne kwenye BMW 320i yangu, ile ya umbo la E90, nikaweka matairi ya kawaida ya saizi ileile, 205/55R16. Gari linalala Dar es Salaam lakini nyumbani kwetu ni Iringa, kwa hiyo barabara ya Morogoro naipanda mara kwa mara, kiangazi na masika. Kwa safari hizo sijatamani kurudia ranflati. Ila kuna mtu wa karibu nami niliyemsihi asizitoe za kwake, na sababu zake nitazieleza, kwa sababu uamuzi huu unategemea sana gari linapita wapi na saa ngapi.

Kwa asiyezijua, ranflati ni tairi lenye mbavu nene na ngumu. Upepo ukiisha wote, ubavu wenyewe unalibeba gari badala ya kulala chini ya rimu, nawe unaendelea na safari polepole hadi upate msaada. Kwenye E90 nyingi ndizo zilizofungwa kiwandani, na ndiyo maana ukifungua buti hukuti shimo la spea. Upande wa kulia kuna betri, chini ya zulia kuna trei fupi tu. Utazitambua kwa herufi zilizoandikwa ubavuni: Bridgestone huweka RFT, Goodyear ROF, Continental SSR, Michelin ZP. Magari mengi yanayoshuka bandarini kutoka Japani bado yanazo, na wenye nayo wengi hawajui mpaka siku wanapokwenda kuuliza bei.

Muuzaji atakwambia ranflati ikipata pancha unakwenda kilomita 80 kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Ni kweli, hicho ndicho kipimo cha watengenezaji wengi. Asichokwambia ni habari ya mzigo. Kitabu cha gari langu kinasema ukiwa peke yako au na abiria mmoja, bila mizigo, unaweza kufika hata kilomita 250. Gari likijaa watu na buti likajaa, umbali huo unashuka hadi kama kilomita 50. Sasa niambie nani anakwenda Iringa na buti tupu. Sisi tunapanda na mama, watoto, mafuta ya kupikia na mabegi, na tunashuka na viazi na mahindi.

Pancha yangu ya ranflati niliipata baada ya kupita mji wa Mikumi, kwenye bonde la mibuyu. Taa iliwaka kwenye dashibodi, nikapunguza mwendo, na lazima niseme haki: usukani haukutikisika hata kidogo. Kama si taa nisingejua. Tukajikokota hadi Ruaha Mbuyuni tukiwa wote salama, watoto wamelala. Mpaka hapo tairi lilifanya kazi yake kikamilifu na nililishukuru.

Shida ilianza tuliposimama. Fundi pancha pale alikuwa mzoefu, lakini zana zake zilikuwa vyuma vya kubandulia na nyundo, na ubavu ule mgumu uligoma kutoka kwenye rimu. Alipofaulu, tukaona unga mweusi wa mpira umejaa ndani, ubavu umesagika kwa kutembea bila upepo. Msumari wenyewe ulikuwa mdogo kabisa, katikati ya meno, mahali ambapo tairi la kawaida likiwahiwa linazibwa kwa dakika chache na unaondoka. Hili halizibiki tena. Watengenezaji wengi wanakataza kulirudisha kazini tairi lililokwisha kutembea bila upepo, na baada ya kuona ule unga nawaelewa. Nikapiga simu Iringa. Ranflati ya saizi yangu haikupatikana. Tairi la kawaida lilipatikana dukani, likapakiwa kwenye basi, na sisi tukakaa tukinunua vitunguu tusivyovihitaji huku tukilisubiri. Spea ya kuazima haikuwezekana, kwa sababu magari karibu yote ya pale ni Toyota na nafasi za bolti haziingiliani na BMW, ambayo matundu yake matano yako kwenye duara la milimita 120.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho matangazo hayakisemi. Ranflati imebuniwa kwa nchi ambako ndani ya hizo kilomita 80 kuna duka lenye tairi lako na mashine ya kulifunga. Kwenye barabara yetu inakufikisha kwa fundi asiyeweza kulifungua na duka lisilokuwa nalo. Tairi la kawaida linakusimamisha porini, ni kweli, lakini yeyote mwenye plagi ya mpira ya kuziba tundu na pampu anakuondoa hapo.

Bei nayo ilinisukuma. Nilipouliza Kariakoo, ranflati moja mpya ilikaribia bei ya matairi mawili ya kawaida ya kampuni nzuri. Saizi 205/55R16 ni ya watu wengi, inaingia kwenye magari mengi madogo, kwa hiyo unachagua unavyotaka. Za ranflati zilikuwa chache, na nyingine zilikuwa na miaka mingi. Angalia zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2318 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi jipya lililokaa dukani miaka sita mimi silinunui, hata likipunguzwa bei.

Mabadiliko makubwa kuliko yote niliyasikia mgongoni. Ranflati zilikuwa zinapokea kila tuta na kulipeleka moja kwa moja kwenye kiti. Mama yangu alikuwa akishuka Morogoro anajinyoosha kabla ya kusema neno. Kwenye sehemu ambazo malori ya Zambia yamechimba mifereji kwenye lami, usukani ulikuwa unavutwa huku na kule. Matairi ya kawaida yametuliza yote mawili, ingawa gari sasa linachelewa kidogo kuitikia unapokata kona kwa kasi. Hilo nalikubali bila kinyongo.

Rimu za BMW zilizotengenezwa kwa ranflati zinapokea tairi la kawaida bila shida. Na ile taa ya onyo inaendelea kufanya kazi, kwa sababu kwenye gari langu hakuna kihisi ndani ya tairi. Mfumo unalinganisha mzunguko wa magurudumu manne, na lililopungua upepo linazunguka haraka zaidi. Kila ukijaza upepo au ukibadilisha tairi unatakiwa kuuanzisha upya kwenye menyu ya gari. Ila jua kwamba matairi yote yakipungua sawasawa hauoni kitu, kwa hiyo geji ya mkononi bado inahitajika.

Sasa upande wa pili. Barabara hiyohiyo inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na kushuka kuzungusha jeki mahali tembo na nyati wanavuka si jambo la kujivunia. Mlima Kitonga nao una kona kali, malori yamefuatana, na pembeni hakuna pa kusimama. Sehemu hizo mbili ranflati inashinda, na mimi sina hoja ya kuipinga. Nilichofanya ni kukagua upepo Morogoro kabla ya kuingia hifadhini na tena kabla ya kupanda mlima.

Na ndiyo maana dada yangu nilimwambia abaki nazo. Yeye ni muuguzi, anatoka zamu usiku, anaendesha peke yake kwenda Mbezi, na hatoki nje ya jiji. Kilomita zake zote ziko ndani ya uwezo wa ranflati, na akipata pancha saa saba usiku nataka afike getini kwake bila kufungua mlango. Kuokoa hela kwa kumweka kando ya barabara saa hizo siwezi kukubali. Kesho yake, mchana, duka lenye mashine lipo hapohapo Dar.

Ukizitoa, usitoke Dar ukiwa na matairi manne tu. Mimi nimenunua spea nyembamba yenye matundu ya BMW, inakaa kwenye buti imefungwa mkanda, inakula nafasi ya begi moja kubwa. Kuna jeki, spana ya milimita 17, kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya gari, na pakiti ya plagi. Badilisha zote nne kwa pamoja ukiweza. Kuchanganya ngumu na laini kunalifanya gari liyumbe, na mimi nililazimika kwenda hivyo kutoka Ruaha Mbuyuni hadi Iringa kwa mwendo wa taratibu sana.

Ukibaki nazo, usinunue ranflati ya mtumba bila kuingiza mkono ndani. Ukitoka na vumbi la mpira, au ukiona mstari wa mikunjo umezunguka ubavu kwa ndani, lilishatembea bila upepo. Kwa nje linaweza kung'aa.

Na kama gari lako limetoka Japani, kabla ya safari tafuta ufunguo wa ile bolti moja ya kuzuia wizi kwenye kila gurudumu, kama ipo. Bila huo ufunguo, spea na jeki haviwezi kukusaidia, na fundi wa njiani ataitoa kwa patasi na kuiharibu rimu.