Hydrogen: mpiga dramu asiyedai nauli

Ukirekodi gitaa nyumbani peke yako, shida huwa si gitaa. Kadi ya sauti ya bei nafuu ipo, waya upo, solo imekaa vizuri. Kazi ni dramu. Seti nzima haiingii kwenye chumba cha kupanga, na hata ingeingia, mwenye nyumba angekuitisha kikao. Mimi nimehamia Hydrogen, programu ya kompyuta ya kupangia mapigo ya dramu, na kwa sisi tunaopiga rumba na sebene naona inatosha, ilimradi usikubali sauti zake zikiwa kama zilivyokuja.

Ni ya bure kabisa, inaingia kwenye Windows, Mac na Linux, wala haitaki laptopu ya maana. Bando linaliwa siku ya kuipakua, basi. Ukiifungua unapokewa na seti iitwayo GMRockKit, na jina linajieleza: dramu za roki, kiki (dramu kubwa ya mguu) nzito, snea (dramu ndogo yenye mlio mkali) pana. Ukiziweka chini ya gitaa la rumba zinalimeza. Mimi hushusha kiki kwenye miksa, kisha napandisha pichi ya snea kidogo ilie juu na kavu, vile cavacha, lile pigo la kasi la dramu za Kikongo, linavyotaka.

Kupanga mapigo ni rahisi: vyombo vimepangwa juu kwenda chini, muda unakwenda kulia, unabofya pale unapotaka pigo. Utamu uko chini ya miraba hiyo ya kubofya, kwenye vijiti vinavyoonyesha nguvu ya kila pigo. Vyote huja na urefu mmoja, ndiyo maana dramu za kompyuta husikika hazina damu. Haihati, yale matasa mawili ya mguu, naipa pigo kali, linalofuata laini, tena kali, tena laini. Yale mapigo madogo ya snea nayashusha mpaka yasikike kwa mbali tu. Halafu hapo hapo kuna sehemu ya kuwahi na kuchelewa, unalisogeza pigo moja moja mbele au nyuma ya muda. Snea ikichelewa kiduchu, rumba inatulia. Sebene ikiingia, snea naiwahisha. Kuna vitufe vya kuvuruga nguvu na muda kwa bahati nasibu ili isikike kama mtu anapiga, sivipendi. Mpiga dramu mzuri hachelewi ovyo, anachelewa makusudi.

Wanaopiga chakacha nao wasiogope, ukubwa wa kipande cha mapigo unabadilishwa kuwa 6/8, mwendo wa ngoma hiyo.

Kinachonikera ni kwamba haikai ndani ya programu ya kurekodia. Unatoa faili za sauti za WAV, kila chombo na faili lake, ndipo unazipeleka kwingine. Mimi hutumia REAPER, unayoijaribu bure siku 60, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Ukija kubadili kasi ya wimbo, unarudi Hydrogen kutoa upya. Kwa hiyo kasi ikubaliwe kabla hujagusa gitaa.

Tumba za kueleweka kwenye seti ya GMRockKit sikuziona. Nilirekodi tumba la jirani kwa simu, pigo laini na pigo kali, nikazipakia kama chombo kimoja chenye tabaka mbili. Ukigonga kwa nguvu inalia ile kali. Hilo pekee limenifanya nibaki nayo.

Anayetaka mapigo yaliyokwisha kupangwa na wapiga dramu wa kweli atafute programu ya EZdrummer, ila ni ya kulipia. Na cavacha yako huenda ukaishia kuipanga mwenyewe hata huko.