Kupika bia nyumbani kwa vyombo vya Lidl na Aldi: kipi ununue, kipi ukiache

Rafu za katikati za Lidl na Aldi, maduka ya Kijerumani ya bei nafuu, zile ambazo bidhaa zake hubadilishwa kila wiki, zimewapa wapika bia wa nyumbani wa Ujerumani na Uingereza vyombo vingi kuliko wanavyodhani wenye maduka. Mtambo maalumu wa kupikia bia unafanya kazi mbili tu: kushikilia kimea (nafaka iliyooteshwa kisha kukaushwa) na maji kwenye nyuzi 66 kwa saa nzima hadi wanga ugeuke sukari, kisha kuchemsha maji hayo matamu saa nyingine. Chombo cha jikoni kinachoweza kazi hizo mbili kitakupa bia nzuri. Tumevipanga hapa kwa kuangalia ujazo, wati na urahisi wa kusafisha. Urembo wa vitufe na vioo hatukuuhesabu.

1. Sufuria ya umeme ya kuhifadhia matunda

Wajerumani huiita Einkochautomat. Ni pipa la lita 27 hadi 29, lenye wati 1800 hadi 2000, thamostati (kidhibiti joto) ya kuzungusha na saa ya kuhesabu dakika. Lilitengenezwa kwa ajili ya kuchemshia chupa za matunda na mboga, ndiyo maana kwa kawaida hutolewa madukani majira ya joto, matunda yanapoiva. Lile la Lidl huuzwa kwa jina la Silvercrest. Bei yake huwa chini ya yuro 100, na hakuna kingine kwenye rafu hizo kinachokaribia thamani hiyo kwa mpika bia.

Ukiona aina mbili, chukua ya chuma kisichoshika kutu. Ya enameli ni ya bei rahisi zaidi na hupika sawasawa, lakini ikigongwa ikabanduka, kutu huanzia hapo na ladha ya chuma huingia kwenye bia. Kama ya enameli ndiyo uliyoipata, isugue kwa sponji laini tu, wala usitumie mwiko wa chuma.

Usidanganyike na lita 27. Huwezi kutoa lita 20 za bia humo bila povu kumwagika. Hesabu inayokaa vizuri ni hii: maji lita 18 yapashwe hadi nyuzi 70, kisha uingize kilo 4 za kimea kilichosagwa, kikiwa ndani ya mfuko wa kitambaa chenye matundu madogo. Joto litashuka lenyewe hadi karibu 66. Zima umeme, funika, zungushia blanketi zito, acha dakika 60. Nyanyua mfuko, uache uchuruzike, kisha mwagia lita 6 za maji ya nyuzi 75 juu ya machicha. Utabaki na lita 21 hivi. Saa moja ya kuchemka itapunguza lita mbili na nusu au tatu, mashapo yatachukua moja na nusu, na kwenye ndoo ya kuchachushia zitaingia lita 17. Haidromita, kipimo kinachoelea kuonyesha wingi wa sukari, itasoma karibu 1.047, ambayo ikichachuka hadi 1.011 ni kilevi cha asilimia 4.7.

Muda nao uupange. Kupasha lita 18 kutoka nyuzi 20 hadi 70 kwa wati 1800 huchukua dakika 40 au zaidi kidogo, na kutoka hapo hadi kuchemka, nusu saa nyingine.

Yanayoharibika ni manne, na yote yanazuilika. La kwanza ni thamostati kusema uongo: kihisio chake kiko chini ya kitako, hivyo kinapima chuma wala si kimea. Tofauti ya nyuzi nne au tano ni jambo la kawaida. Nunua kipimajoto cha sindano, uamini hicho. La pili ni mfuko kulala kitakoni na kuungua. Sufuria hizi huja na wavu wa kuwekea chupa za matunda. Uache ndani, mfuko ukae juu yake. La tatu, kinga ya joto kukata umeme katikati ya kuchemka. Karibu kila mara sababu ni unga na sukari vilivyogandamana chini, basi koroga kwa mwiko wa mbao kabla ya kuongeza moto, na usafishe kitako kila baada ya kupika. La nne ni bomba la kutolea maji. Bomba la plastiki lina mianya inayoficha uchafu. Lifungue lote kila mara, ulioshe vipande vipande.

Wakati wa kuchemsha, ondoa kifuniko. Mvuke unabeba gesi yenye harufu ya mahindi au kabichi iliyochemshwa, na ukifunika, harufu hiyo hurudi ndani. Kimea cheupe cha pilsner ndicho chenye tatizo hilo zaidi.

Kasoro yake moja kubwa: ina umeme kitakoni, kwa hiyo usithubutu kuitumbukiza kwenye maji baridi. Njia rahisi ya kupoza ni kumimina maji ya kimea yakiwa bado moto sana kwenye dumu nene la plastiki lenye namba 2 na alama ya glasi na uma (yaani plastiki ifaayo kwa chakula), kulifunga, kulilaza kidogo ili moto uguse hadi shingoni, na kuliacha hadi kesho yake. Vaa glavu. Dumu jembamba litalegea, na maji hayo yakikumwagikia, utaungua vibaya.

2. Sufuria kubwa ya kawaida

Kwa anayeishi chumba kimoja au anayetaka kujaribu kwanza, hii yaweza kuwa bora kuliko ya kwanza. Sufuria ya lita 12 inatosha bia lita 6: kimea kilo 1.3, maji lita 9 na nusu, yote kwa pamoja, bila kuoshea machicha. Inaingia kwenye oveni, na hapo ndipo uzuri wake. Washa oveni nyuzi 70, zima, ingiza sufuria yenye kimea ikiwa kwenye nyuzi 66, na saa moja baadaye joto litakuwa halijashuka sana. Hakikisha mishikio si ya plastiki. Kupoza nako ni kwepesi: itumbukize kwenye sinki la maji na barafu, badilisha maji mara mbili, na ndani ya nusu saa au zaidi kidogo itafika nyuzi 20.

Jiko la umeme la kawaida hushindwa kuchemsha vizuri zaidi ya lita 15, hivyo kununua sufuria ya lita 30 kwa jiko hilo ni kupoteza pesa. Kama jiko lako ni la induksheni, nenda dukani na sumaku; isiponata kitakoni, sufuria haitapata moto.

3. Fimbo ya sous vide

Fimbo hii, itumikayo kupikia nyama iliyofungwa mfukoni ndani ya maji ya moto, hupasha na kuzungusha maji kwa usahihi wa nusu nyuzi, jambo ambalo hakuna kingine hapa kinaliweza. Ila usiitie ndani ya kimea. Ina pangaboi dogo linaloziba kwa maganda, na sukari huungua kwenye chuma chake hadi inajizima. Itumie kwenye beseni la maji, huku sufuria ya kimea imekaa ndani ya beseni hilo. Haichemshi, kwa hiyo bado unahitaji jiko. Kama tayari unayo kwa ajili ya nyama, itumie. Kuinunua kwa ajili ya bia peke yake haifai.

4. Sufuria za umeme za wali, za presha na za kupikia polepole

Ujazo wake ni lita 5 au 6, na ukiondoa nafasi ya povu unabaki na bia ya chupa sita za nusu lita. Nyingi za kupashia polepole huvuka nyuzi 75 hata zikiwa kwenye moto wa chini, na hapo vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari hufa. Bia haitapata kilevi. Ukiwa na shaka, dondosha maji ya kimea kwenye sahani nyeupe, tia tone la ayodini ya duka la dawa: yakigeuka bluu-nyeusi, wanga bado upo.

5. Birika la umeme

Kwa maji matupu, ni msaidizi mzuri wa kuharakisha kazi. Kwa maji ya kimea, hapana: yanafoka, yanaungua, na swichi ya mvuke inazima kila mara.

Vitu vidogo vya bei ndogo

Mizani ya gramu moja inunue. Hopsi (maua yanayotia bia uchungu) gramu 30 zenye asidi alfa, chanzo cha uchungu huo, asilimia 5.5, zikichemka saa nzima kwenye hiyo bia ya lita 17, hutoa uchungu wa kama 20 kwa kipimo cha IBU. Ukikosea gramu 10 utaonja kosa lako. Blenda itasaga kimea, lakini hugeuza maganda kuwa unga na mfuko huziba. Ni heri kuagiza kimea kilichosagwa tayari.

Kwenye rafu za chakula, sukari na shayiri bapa ya uji (oats) ni sawa, hiyo ya pili isizidi sehemu moja ya kumi ya kimea. Shayiri hiyo haina vimeng'enya vyake, inategemea vya kimea. Hamira ya mkate iache. Itachachusha kweli, lakini haitulii chini vizuri, na ladha yake hubaki ya unga mbichi. Pakiti moja ya hamira kavu ya bia, kwa mfano SafAle US-05 ya gramu 11.5, inatosha ndoo nzima kwenye nyuzi 18 hadi 22. Ikivuka 25, utapata ladha kali ya pombe.

Ndoo ya kuchachushia iwe na nafasi ya lita 5 tupu juu, isiwe na mikwaruzo ndani, na iwe imewekewa alama ya chakula. Ndoo iliyowahi kutiwa rangi ya kupaka nyumba usiiguse.

Bia ya kunywa nyumbani Uingereza haitozwi ushuru, mradi huiuzi. Marekani, sheria ya shirikisho inaruhusu galoni 100 kwa mwaka kwenye nyumba ya mtu mzima mmoja, 200 wakiwa wawili au zaidi. Ujerumani nako kuna kikomo cha mwaka kwa mpika wa nyumbani. Anayetaka kubeba ujuzi huu hadi Kenya ajue kwamba sheria ya vileo ya 2010 inadai leseni ya kutengeneza.

Kwa kufungia bia, chupa za soda za plastiki ndizo salama kwa anayeanza, kwani zimetengenezwa kuhimili gesi. Za maji yasiyo na gesi hazifai. Subiri haidromita isome namba ileile siku tatu mfululizo, kisha tia sukari gramu 6 kwa kila lita ili bia ipate gesi chupani. Vibonge vya sukari vya Ujerumani vina uzito wa karibu gramu 3, hivyo kimoja kinatosha chupa ya nusu lita. Vipime kwanza, maana vipo vikubwa zaidi. Ziache kwenye joto la chumba wiki mbili, ukizibonyeza kila siku chache. Ikifika siku chupa haibonyei tena, peleka zote kwenye friji.