Pedi za seramiki kwenye IST: nimezifungua tena baada ya kilomita 4,000

Haya wadau karibuni, leo niko na Toyota IST yangu hapa, breki za mbele diski nyuma ngoma, tairi la mbele kushoto nimeshalitoa ili muone wenyewe. Hizi pedi za breki za seramiki nilizinunua Gerezani na wengi mmeniuliza, zinashika kweli?

Zinashika. Ila kabla sijazisifia angalieni kwanza hizi za zamani nilizotoa, ya ndani hii hapa imebaki milimita 2, karibu chuma kwa chuma, na mwenzake wa nje bado ana 7! Tairi hilo hilo, zilifungwa siku moja. Sasa iko hivi, ukikanyaga breki mafuta yanatoka masta silinda yanakuja kusukuma pistoni, hii hapa, pistoni inabana pedi ya ndani, halafu kalipa yote, hiki chuma kinachoshikilia pistoni na pedi, inatakiwa iteleze kwenye hizi pini mbili ili ivute na pedi ya nje, diski ibanwe huku na huku. Pini zikikauka grisi zikashika kutu, kalipa haitelezi, ya ndani inabaki kufanya kazi peke yake. Fundi akikubadilishia pedi akaziacha pini vile vile hata ununue pedi za bei gani umetupa hela, mimi nilishafanyiwa hivyo, nikamaliza pedi seti mbili ndani ya mwaka na humu ndani napakia wanangu jamani, inaniuma mpaka leo. Na grisi iwe ile ya breki, hii ya kawaida inavimbisha mpira wa pini.

Turudi kwenye pedi. Vumbi kidogo sana, rimu hazijawa nyeusi, kelele hamna. Asubuhi zikiwa za baridi mkanyago wa kwanza unasikia kama zinachelewa kidogo, zikipata joto zinakuwa safi. Nimeshuka nazo Kitonga natoka Iringa, nikaweka gia nzito, sikukalia breki mteremko mzima, na pedali haikuzama hata kidogo.

Hapo lakini sifa nyingine ni ya mafuta ya breki, maana nilikuwa nimeyabadilisha. Mafuta ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, ila yananyonya unyevu wa hewa taratibu, na yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 140 tu, yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea tofauti na mafuta, unakanyaga mguu unaenda mpaka chini gari haisimami. Kila miaka 2 badilisha, hata kama rangi bado unaiona nzuri.

Diski nayo ipime, unene wa mwisho umeandikwa hapo hapo kwenye diski, tafuta neno MIN, ikishafika hapo weka mpya.

Haya, naleta kipimo. Ya ndani... tisa na nusu. Ya nje... tisa na nusu! Mmeona? Sawasawa kabisa, pini zinateleza. Ngoja nirudishe tairi.