Kitabu cha popo wetu, na duka lililoninyima kukifungua

Naandika nikiwa bado na hasira. Siku za karibuni nilivuka kutoka Pemba kwenda Unguja kwa shughuli za kifamilia, na kwa kuwa napenda mno vitabu vya wanyama na misitu, niliingia katika duka moja la vitabu la Mji Mkongwe. Kitabu chenye habari za popo wa Pemba kilikuwepo, rafu ya juu kabisa. Nilitoa salamu, nikamwomba kijana wa dukani anishushie nikipitie kidogo. Salamu hakuitikia. Alinitazama tu na buibui langu, akasema, "Mama, hivyo ni vya wageni, bei yake ni kwa dola," kisha akarudi kwenye simu yake, mpaka walipoingia watalii, ambao aliwashushia vitabu kabla hata hawajauliza.

Vya wageni! Popo yule haishi pengine popote duniani isipokuwa Pemba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karibu kutoweka kwa kuwindwa kwa ajili ya nyama na kukatiwa miti anayolala, na waliomnusuru ni wanavijiji wetu, kama wale wa Kidike, waliokubali kuacha kumwinda na kuilinda miti yake. Leo mtoto wa Kidike akitaka kusoma habari za popo anayelala juu ya miti ya kwao, aambiwe kuwa si kitabu chake?

Nilikinunua hata hivyo, kwa shilingi zilizopigiwa hesabu ya dola kwa kiwango alichokitaja yeye, na nilianza kukisoma ndani ya boti. Kusema kweli ni kitabu kizuri sana. Kinaeleza kwamba popo huyu, tofauti na popo wadogo wa mapangoni, hutafuta chakula kwa macho na kwa pua, na kwamba mbegu za matunda anayokula huziangusha mbali, zikaotesha msitu upya. Sura ya kima punju wa msitu wa Jozani, huko Unguja, nimeirudia kwa raha: inaeleza kwa nini hula makaa, ambayo hupunguza ukali wa sumu iliyomo katika majani ya mikungu na miembe.

Nilikusudia kukisifu kitabu na kulilaumu duka, basi. Lakini kila nikikifungua naisikia sauti ya yule kijana, na sifa zinaniishia mdomoni, kwani kitabu kisichofikiwa na wenye wanyama wake nitamshauri nani akinunue? Nikishatulia nasema kinunueni, ila mkikipata kwengine. Na mwenye duka, ikiwa haya yatamfikia, avishushe vitabu hivyo rafu ya chini, aandike bei kwa shilingi, na amfundishe kijana wake kuitikia salamu.